Beki Nje ya Picha

Saa tano usiku, Pasua, umeme umerudi,
kompyuta inapumua kama mgonjwa wa pumu.
Nimetumwa na kamati: nitazame, niandike.
Ndeshi Mowo, beki wa kushoto, jezi namba nne,
abaki ama aachwe kabla ya safari ya Tanga.
Karatasi waliyonipa ina visanduku vitatu:
mipira aliyopokonya, mara alizopitwa, kadi.

Video kapiga Eliapenda, kaka yake kipa,
amesimama kwenye bodi ya pikapu,
mkono mmoja simu, mkono mmoja sambusa.
Anaufuata mpira kama kuku afuatavyo mtama.
Ndeshi anaonekana kiwiko. Kisha soksi.
Kisha haonekani kabisa, dakika nne nzima.

Nahesabu. Kapokonya mara mbili, kapitwa mara moja.
Kwa hesabu hiyo, ni mtu wa kukaa nyumbani.

Lakini mtazame huyu winga wa Arusha,
mrefu, kitambaa cha njano kichwani.
Anakuja, mpira umenata kwenye gongo,
anainua uso, anatazama upande ambao simu haioni,
na anasita.
Anageuka. Anaurudisha nyuma kwa wenzake.
Nasimamisha. Narudisha. Nasimamisha tena.
Kumesimama nini pale nje ya picha
kilichomfunga breki mtu mwenye kasi ile?
Ukingoni, juu ya nyasi za Februari zilizoungua,
kuna kivuli: magoti yamekunjwa, gongo limelazwa
kama mtu anayefagia uvunguni mwa kitanda.
Ni yeye.

Mara saba winga yule anakuja,
mara saba anageuka.
Karatasi haina kisanduku cha mpira ambao haukupita.
Na nani huwahesabu wezi
walioona taa inawaka, wakaenda zao?

Sasa robo ya nne. Bao.
Ndilo linalosemwa, ndilo lililosambazwa kwenye simu
na vikatuni vya kucheka mpaka machozi.
Ndeshi yuko mbali, amepanda hadi katikati,
nyuma yake pengo la kupitisha ng'ombe na ndama wake.
Kitambaa cha njano kinaingia nusu duara,
kipa amelala,
ubao wa goli unalia: ko!

Narudisha sekunde tano. Kumi. Kumi na nne.
Aikande wetu anapoteza mpira hovyo, sawa,
nimemwandika.
Lakini Ndeshi alifuata nini kule juu?
Narudisha tena, safari hii kwa sauti.
Eliapenda anatafuna. Bodaboda inapita.
Mtoto anadai chenji yake.
Na katikati ya hayo, sauti ya mtu mzima, kavu, inaamrisha:
"Panda, Ndeshi! Panda! Unamlinda nani huko?"

Naijua sauti hiyo.
Nimekohoa nayo tangu asubuhi.

Naisikiliza mara kumi na moja.
Kila mara yeye anageuza shingo, anatazama nyuma,
hatua mbili zinakataa,
alijua, yule binti, alijua,
kisha anatii.
Ya tatu ni ya kukimbia.

Kipande walicho nacho kamati hakina sauti yangu.
Kuna mtu kakibandika muziki juu yake.
Hata nikinyamaza, hakuna wa kuniuliza,
na Jumatatu nitapanda basi na filimbi yangu shingoni,
kiti cha kushoto kikiwa kitupu.

Nakunywa chai iliyokwisha kupoa.
Nasogeza karatasi chini ya mwanga,
na pembeni ya visanduku vyao nachora cha nne,
kimepinda, rula sina.
Sijui nikiiteje. Nakiacha bila jina,
ndani naandika saba.
Kwenye bao, mstari wa "kosa la nani",
nimefika herufi ya pili ya jina langu
umeme unakatika.
Namalizia kwa tochi ya simu,
mwandiko mbaya, lakini unasomeka.